Ufunguo Uliobaki Gerezani

Mume wangu alikuwa akikagua gari akiwa mezani, anakunywa chai. Gari lenyewe lilikuwa mbali, limeegeshwa katika uwanja wa gereza. Lakini yeye aliliona lote kutoka pale kwenye kikombe. Breki, vema. Tairi, vema. Taa, vema. Aliweka alama kumi na mbili kwa pumzi moja, akatia sahihi, akafuta makombo ya mkate kwenye fomu, akaenda kazini.

Alifanya hivyo kwa miaka tisa. Mimi nilikuwa nikimcheka. Siku hizi sicheki.

Mume wangu ni dereva wa karandinga, lile gari la kubebea wafungwa na mahabusu. Mtaani wanamwita Baba Pacha, kwa sababu tuna mabinti mapacha. Mimi ni Mama Pacha, mshonaji. Cherehani yangu iko mlangoni, na kazi yangu kubwa ni sare za askari. Narudishia vifungo vilivyong'oka. Napanua suruali zilizoshindwa na matumbo. Mtu akisimama kupimwa kiuno, mdomo unafunguka wenyewe. Kwa hiyo mambo ya gereza nayajua kuliko wengi wasiovaa sare.

Nasema mapema kwamba simulizi hii naiandika kwa hasira. Anayetaka ya kubembeleza akatafute kwingine.

Ndani ya gereza lile alikuwamo mdogo wangu. Ni fundi redio, na wenzake wanamwita Waya. Alikuwa mahabusu kwa miezi minne, akishtakiwa kupokea redio za wizi. Kama alizipokea, mahakama itasema. Mimi sikumtetea kwa hilo na sitamtetea. Lakini mahabusu ni mtu ambaye bado hajahukumiwa. Na hata aliyehukumiwa, adhabu yake ni kifungo, basi. Hakuna hakimu aliyeandika kwamba mtu afie njiani ndani ya sanduku la bati.

Waya ana pumu tangu utotoni. Kesi yake ilikuwa katika mahakama ya mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa gari. Gereza lilikuwa na gari moja na dereva mmoja. Kwa hiyo siku ya kesi, wa kumpeleka alikuwa shemeji yake.

"Utamwangalia?" nilimuuliza mume wangu asubuhi ile.

"Nani, Waya? Atasafiri kama waziri. Ana walinzi wawili wenye bunduki."

"Nauliza kama utamwangalia."

"Mama Pacha, mimi naangalia barabara. Wa nyuma wako salama. Wamefungwa pamoja, na ufunguo wa mnyororo hausafiri."

Hilo la ufunguo nilikuwa nimelisikia hadi nimechoka. Zamani, kabla mume wangu hajaajiriwa, mfungwa mmoja alimpora askari funguo njiani akatoroka. Tangu siku hiyo gereza likajitungia utaratibu wake. Mahabusu wote walipitishiwa mnyororo mmoja miguuni, na mnyororo ukafungwa kwa kufuli kwenye benchi la chuma. Ufunguo mmoja wa kufuli ulibaki ofisini kwetu. Wa pili uliwekwa gereza la mji ule mwingine. Njiani hapakuwa na ufunguo wa mnyororo kabisa.

"Hata wanipekue hadi soksi, hawapati kitu," mume wangu alipenda kuwaambia wageni. Wageni wakicheka, naye kichwa kinavimba.

Siku ile alirudi saa tisa alasiri, mapema mno. Alinipita mlangoni bila salamu, akaenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma. Shati lake lilikuwa na vumbi la kijivu kuanzia mabegani hadi kiunoni.

"Mbona mapema?" nilimuuliza.

"Tumerudia njiani."

"Kwa nini?"

Alifungua kamba za viatu, akazifunga tena. "Waya yuko hospitali. Alizidiwa."

"Alizidiwa na nini?"

"Pumu."

"Pumu iliyoanzishwa na nini? Na hilo vumbi ni la nini?"

Alilitazama shati lake kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Saruji," akasema.

Nilimwacha na saruji yake, nikaenda hospitali mbiombio.

Waya alikuwa kitandani, amewekewa hewa puani, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Askari aliyekuwa mlangoni nilikuwa nimemshonea suruali wiki ile ile. Akaniruhusu nikae dakika kumi. Mdogo wangu alizungumza kwa vipande, na kila kipande alikilipia kwa kikohozi. Mimi nikaviunga kama viraka.

Waliondoka saa nne, mahabusu kumi na wanne. Kabla ya kupanda walipekuliwa. Dawa ya Waya, ile ya kupuliza mdomoni, ilitiwa kwenye mfuko wa mali za mahabusu. Mfuko ukafungwa kwa lakiri, ukawekwa mbele miguuni mwa Koplo. Koplo ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara.

Nusu saa baadaye gari lilisimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Koplo anajenga nyumba karibu na ule mji mwingine, na gari la serikali lilikuwa linaelekea huko huko. Wakafungua mlango wa nyuma. Mahabusu wakadhani wanapewa maji. Badala yake ikaingizwa mifuko kumi ya saruji, ikapangwa sakafuni katikati ya miguu yao. Mfuko mmoja ulikuwa umechanika. Wakaufunga mlango.

"Matundu ya hewa yamezibwa na bati, dada," Waya aliniambia. "Kila gari likiruka shimo, vumbi linapanda. Huoni hata mwenzako wa mbele."

Waligonga ukuta. Hakuna aliyejibu. Waligonga tena. Kule mbele redio ilikuwa imewashwa. Waya akaanza kuvuta pumzi kwa filimbi, kisha ikawa havuti kabisa. Mwenzake aliyefungwa kando yake alijua kwamba dereva ni shemeji ya Waya. Akawaambia wenzake waache kugonga. Wakaita wote kwa pamoja, watu kumi na watatu kwa sauti moja, "Shemeji. Shemeji. Shemeji."

Hapo ndipo gari liliposimama.

Walipofungua mlango, kwanza waliihamisha mifuko ya saruji, maana ilikuwa imeziba njia. Walipomfikia Waya, mnyororo ulikuwa mguuni mwake na ufunguo ulikuwa ofisini. Wakajaribu spana ya tairi. Wakajaribu jiwe. Kufuli halikutikisika. Mwenzake akawaambia dawa imo mfukoni. Koplo akasema mfuko una lakiri, haufunguliwi hadi mwisho wa safari. Mume wangu akauchana kwa meno. Walimpulizia dawa akiwa amefungwa pale pale, wakamrudisha gerezani mwendo wa dakika arobaini kufuata ufunguo, ndipo wakampeleka hospitali.

Nilirudi nyumbani nikiwa mbogo. Mabinti zangu walinitazama usoni mara moja tu, wakaenda kucheza kwa jirani.

"Mliwapakilia saruji miguuni?" nilimuuliza baba yao.

"Koplo ndiye aliyeamuru."

"Na nani aliyebeba?"

"Tulisaidiana."

"Wewe ulibeba mingapi?"

"Minne."

"Mifuko minne. Ukampita mdogo wangu mara nne, unajua ana pumu."

"Nilidhani ni mwendo mfupi tu."

"Na walipogonga?"

"Mke wangu, wanagonga kila siku. Huyu anataka maji, huyu anataka kujisaidia, huyu anatania tu. Ukisimama kila wanapogonga ukuta, hufiki. Koplo alisema nisijibu. Lakini niliposikia shemeji, nilikanyaga breki. Mungu shahidi, nilikanyaga hapo hapo."

"Na kama wangeita dereva?"

Akainamia kamba za viatu.

"Nimekuuliza. Wale kumi na watatu ambao si ndugu zako. Wangekuita dereva, ungesimama?"

Nilimpenda mume wangu siku zote, na bado nampenda. Lakini jioni ile sikutaka kumwona mbele ya macho yangu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Sajini, jirani yetu wa ukuta mmoja. Alitumika magerezani miaka thelathini, akastaafu na cheo cha sajini. Sasa anafuga kuku wa mayai. Kuku wake wanaamshwa kwa sauti ile ile aliyokuwa akiamshia wafungwa, na wanasema mtaani kwamba ndiyo maana wanataga sana.

"Ukuta wetu mwembamba, na mimi si kiziwi," alisema. "Baba Pacha, kaa. Mama Pacha, nawe kaa, utapasuka mshipa. Nataka kuuliza maswali. Gari likiwaka moto, unafanyaje?"

"Halijawahi kuwaka, Bi Sajini."

"Sikuuliza kama limewahi. Nimeuliza likiwaka."

"Nasimama. Tunafungua mlango."

"Halafu?"

Mkono wa mume wangu ukaenda kiunoni, ukarudi mtupu.

"Halafu unakwenda mji mwingine kuchukua ufunguo?" Bi Sajini aliuliza. "Gari linawaka, nawe uko barabarani unasimamisha basi? Ninyi ni askari au ni wendawazimu?"

"Utaratibu tuliukuta. Wakiupora ufunguo njiani, je? Si ndivyo ilivyotokea zamani?"

"Ile ya zamani naijua, nilikuwapo. Aliyeporwa alikuwa na bunduki begani na funguo kiunoni, tena alikuwa amelala. Dawa yake ilikuwa kumwamsha, si kuwafungia watu kwenye chuma. Sikiliza. Ufunguo unasafiri. Anakaa nao askari mmoja, nyuma, upande wa pili wa wavu, anawaona mahabusu wote na wao wanamwona. Huyo hana bunduki. Mwenye bunduki anakaa mbele, na huyo hana ufunguo. Ukimvamia wa nyuma hupati silaha. Ukimvamia wa mbele hupati mlango. Nimesafirisha watu hivyo miaka kumi na minane."

"Na mnyororo?"

"Pingu za mikono zinatosha, mikono iwe mbele, mtu aweze kujishika gari likiyumba. Mtu hafungwi kwenye gari. Kamwe. Gari likipinduka, likitumbukia majini, likishika moto, aliyefungwa kwenye benchi anakwenda na benchi."

Mimi nilikuwa nimeanza kuandika nyuma ya karatasi ya kukatia nguo.

"Endelea," nikasema.

"Kabla ya safari tabibu wa gereza amwone kila mtu. Mwenye maradhi aandikwe, na dawa ya haraka kama ya pumu akae nayo mwenyewe, au askari wa nyuma. Haitiwi kwenye mfuko wa lakiri. Watu wajisaidie, wapewe maji ya njiani. Matundu ya hewa yawe wazi. Gari halisimami dukani, halipakii mzigo wa mtu, hata kitunguu. Likisimama, lisimame penye ulinzi, kituo cha polisi kwa mfano. Majina yaitwe wakipanda, yaitwe kila kituo, yaitwe wakishuka. Nakala ya majina ibaki ofisini. Gereza linalopokea lipigiwe simu, lijue gari limetoka saa ngapi. Na wakigonga, unasimama penye usalama, unauliza. Ukiuliza ukakuta ni utani, umepoteza dakika moja. Usipouliza…" Akaelekeza kidole kwenye shati la saruji lililokuwa bado ngazini. "Fomu ya ukaguzi anajaza nani?"

"Mimi," mume wangu alisema.

"Ilete."

Kitabu cha fomu kilikuwa juu ya kabati, mahali pake pa siku zote. Nilikichukua mimi. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, katika darasa la jioni. Nasoma polepole, kidole chini ya mstari, lakini nasoma yote. Mume wangu anasoma haraka, na fomu ile hakuwahi kuisoma. Nikapita breki, nikapita tairi, nikapita mtungi wa kuzimia moto. Mstari wa tisa nikausoma kwa sauti.

"Watu wote waliomo wanaweza kutolewa garini kwa haraka wakati wa dharura."

Mbele yake palikuwa na alama ya vema. Chini palikuwa na sahihi. Nikafunua ukurasa wa nyuma yake, na wa nyuma ya huo. Vema. Vema. Sahihi ya mume wangu, nzuri, yenye mkia.

"Hii sahihi ya nani?" Bi Sajini aliuliza, ingawa alijua.

"Yangu."

"Basi utaratibu hukuukuta. Umeutia sahihi kila safari."

Mume wangu aliinuka, akatoka uani, akakaa huko hadi chakula kikapoa. Sikumfuata. Wako watakaosema nilikuwa mkali mno. Wakamwulize Waya.

Mdogo wangu alilazwa siku sita, akarudishwa gerezani. Mahakama ikapanga tarehe mpya baada ya wiki tatu. Hospitali ilikuwa imeandika barua ya malalamiko, na Koplo akatakiwa kueleza habari za saruji. Lakini mnyororo ulikuwa pale pale, na kufuli pale pale, na Waya alikuwa na safari. Siku hizo niliishi roho mkononi. Nikishona, sindano inanichoma. Nikilala, nawasikia watu wakiita shemeji.

Asubuhi ya tarehe ile mume wangu hakunywa chai. Alitoka mapema na kitabu chake cha fomu. Mimi nikabeba sare nilizokuwa nimemaliza, nikampitia Bi Sajini, tukaenda gerezani. Tulimkuta mume wangu chini ya gari, miguu tu inaonekana. Alitoka, akajipangusa, akapiga saluti mbele ya mkuu wa gereza.

"Afande, breki ziko sawa. Tairi la kulia la nyuma nimelibadilisha. Mstari wa tisa siwezi kutia sahihi."

"Mstari wa tisa ndio upi?"

Akamsomea. Mkuu wa gereza akakunja uso.

"Unakataa amri?"

"Sikatai kuendesha, afande. Nakataa kutia sahihi uongo. Pia niandikwe kwamba kati ya mahabusu hawa mmoja ni shemeji yangu. Safari iliyopita sikusema."

Askari waliokuwa uwanjani waliacha walichokuwa wakifanya. Mume wangu alikishika kitabu cha fomu kwa mikono yote miwili. Angeweza kufukuzwa kazi pale pale, nasi tukatolewa katika nyumba ya serikali tukiwa na watoto wawili. Na bado nilitaka aendelee.

"Nikiachia mnyororo na mtu akatoroka, nani atajibu?" mkuu wa gereza aliuliza.

"Wewe," Bi Sajini alisema. "Na akifa mtu, nani atajibu? Mtoro utamtafuta, utampata, utamrudisha. Maiti utamrudisha kwa nani?"

Mkuu wa gereza aligeuka. Alikuwa kuruta wa Bi Sajini zamani, na nadhani miguu yake ilikumbuka, maana alijikuta amesimama wima.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba. Barua ya hospitali iko mezani kwako, mwanangu. Unataka ya pili?"

Mkuu wa gereza akalizunguka gari, akachungulia ndani. Kisha akaagiza aitwe fundi wa karakana.

Safari ilichelewa saa mbili. Fundi aliikata pete iliyoshika mnyororo kwenye benchi. Mabati yaliyoziba matundu ya hewa yakafunguliwa. Sakafu ikaoshwa, na maji yaliyotoka yalikuwa bado ya kijivu. Tabibu akawaona mahabusu mmoja mmoja. Dawa ya Waya ikaandikwa kwenye daftari, ikatiwa mfukoni mwake. Askari wa nyuma akakabidhi bunduki yake, akatundika funguo kiunoni, akaingia kukaa nyuma ya wavu. Alikuwa mtu mzima, mnene, na hakufurahi hata kidogo.

"Huku nyuma kuna joto," alisema.

"Sasa unajua," nikamwambia.

Majina yakaitwa. Kumi na wanne wakaitika. Waya aliponiona kwa mbali aliinua mikono yote miwili, kwa kuwa pingu zilikuwa mbele, akanipungia. Ndipo mume wangu akatia sahihi.

Saa tisa alasiri simu ililia. Gari limepinduka.

Sitaki kueleza nilivyokaa saa zile mbili kabla ya kupata habari kamili. Nilikata kitambaa cha mtu vipande vipande, na hadi leo sijui nilitaka kushona nini.

Ilikuwa hivi. Lori la mbao lililipita gari lingine kwenye kona, likamjia mume wangu uso kwa uso. Alikwepa. Karandinga likatoka barabarani, likalala ubavu katika mtaro. Moshi ukaanza kutoka kwenye injini. Mume wangu na askari wa mbele walitoka kwa kupitia kioo. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa ndani, kwa askari wa nyuma.

Askari wa nyuma alikuwa amevunjika mkono wa kulia. Aliangukia upande wake wa wavu, akabanwa na benchi. Mlango ulikuwa upande wa mahabusu. Hakuweza kuinuka, wala kuufikia. Moshi ulikuwa unaingia. Akautoa ufunguo kiunoni kwa mkono wa kushoto, akaupitisha kwenye wavu. Aliyekuwa karibu ni mdogo wangu.

"Wewe fundi," alimwambia. "Fungua."

Waya akaufungua mlango na mikono ndani ya pingu. Wenzake wakatoka, mmoja anamvuta mwingine. Hakuna aliyeshikwa mguu na kitu. Yeye na wawili wengine wakabaki. Wakafungua kijimlango cha wavu, wakaliinua benchi, wakamtoa yule askari akiwa amezimia kwa maumivu. Walikuwa hatua thelathini tu kutoka pale moto ulipolipuka. Gari likateketea hadi kwenye vyuma.

Wakakaa wote ukingoni mwa barabara. Waya akamwendea mume wangu, akamwekea ufunguo mkononi. Mume wangu akachukua orodha mfukoni, akaita majina. Kumi na wanne wakaitika. Kwa kuwa gereza la mji ule mwingine lilikuwa limepigiwa simu na lilijua gari limetoka saa ngapi, gari lao lilifika kabla ya saa moja kupita.

Nilimtembelea Waya wiki iliyofuata. Kesi yake ilikuwa imeanza kusikilizwa, na bado inaendelea. Nilimuuliza swali ambalo kila mtu alikuwa akiniuliza mimi.

"Ulishika ufunguo mkononi, mlango umeufungua wewe mwenyewe, askari wamechanganyikiwa. Hukuwaza kukimbia?"

"Niliwaza, dada. Mimi si malaika. Lakini yule mzee alinipa mwenyewe. Halafu nikamsikia shemeji anaita majina, anaanza la kwanza, la pili. Langu ni la kumi na moja. Nikaona aheri nisubiri liitwe."

Gereza lilipata gari jipya, lenye mlango wa dharura na kengele ya kuita mbele. Mnyororo haukurudi. Gereza la pili nalo likauacha. Mume wangu alipewa kazi ya kufundisha madereva wapya. Watu wanampongeza barabarani, na Koplo, aliyehamishwa na kushushwa cheo, hasemeshwi na mtu. Nami hasira yangu imegoma kwisha.

Siku moja alipokuwa anavua viatu nilimuuliza, "Baba Pacha, lile lori la mbao lingewajia siku ya saruji, ingekuwaje?"

"Ningewaua wote," alisema kwa sauti ya chini.

"Sema nisikie."

"Ningewaua wote kumi na wanne. Ningesimama barabarani nikiwasikia wanaungua, sina ufunguo. Na safari zote za miaka tisa ilikuwa hivyo hivyo, ila lori halikuja."

"Hayo unawaambia hao unaowafundisha?"

"Nawafundisha breki na tairi."

"Waambie hayo."

Alikataa wiki nzima. Kisha akaanza. Sasa kila kundi jipya la madereva likikaa darasani, kabla ya jambo lolote, husimama mbele yao akasema maneno yale yale aliyoniambia mimi, bila kupunguza. Wengine huinamisha vichwa. Mara nyingine mmoja hutoka nje. Mume wangu humsubiri arudi, kisha huwapeleka wote kwenye gari, huwaingiza nyuma, na kuwafungia mlango kwa dakika kumi.